Mwimo wa Mlango

Nyumba nimeuza, Rwechungura, na bei tumekubaliana.
Bati ni lako, ukuta ni wako,
hata lile jiwe kubwa la nyuma tulikoanikia dagaa
ni lako, kama jiwe la Mabatini laweza kuwa la mtu.
Ila mwimo huu wa mlango wa chumbani, wa kushoto,
huu naondoka nao.

Umecheka. Umemtazama wakili.
Ukaniuliza, Mama, ubao wa nini, na mchwa washauonja?
Ukaahidi kuninunulia mpya, wa mninga, kwa maseremala wa Nyakato.
Sikukujibu. Nilimwita fundi Magesa
aje na msumeno, na mtaimbo, na subira.

Limi, shika ncha hiyo. Polepole, kuna misumari.
Tuulaze hapa uani, tuusome kuanzia chini.

Alama hizi ni za kisu cha kuparia samaki.
Hii, usawa wa goti langu, ni mama yako Kabula
wiki aliyoacha kutambaa.
Alizaliwa masika, maji yakishuka kilimani
yakiingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma,
mkunga kapandisha miguu kitandani, ananikemea mimi
kana kwamba mvua niliiita.

Hizi mbili mbili ni za Kulwa na Doto.
Doto alijiinua kwa ncha za vidole, gauni likamficha.
Mwaka uliofuata nikampima nikakuta amepungua,
nikambeba mgongoni hadi zahanati.
Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Na huyu?
Kidole chako kimesimama.
Alama nne zimepandana, halafu ubao mtupu.

Huyo ni Shija. Surua.
Mama yako alikuwa na miaka mitatu,
nikamwambia kaka yake kaenda Nansio kwa shangazi.
Nilisema hivyo Krismasi mbili.
Ya tatu hakuuliza,
na kule kutouliza kwake ndiko kulikonichoma.
Wewe nakuambia leo, juani, fundi akisikia:
alipenda ukoko wa ugali,
aliogopa bata,
na mnandi alimwita Padri,
kwa jinsi anavyosimama jiweni na mabawa wazi
kama anayesema Bwana awe nanyi.
Sasa mko wawili mnaojua. Mwambie mama yako.
Mimi nimeshindwa miaka arobaini.

Babu yako usimtafute, hana alama.
Alikuwa karani wa mizani kwenye ginari;
kutwa akipima pamba za watu, jioni nikimfuata na kisu
anasema, Nyanzala, mimi si gunia.
Lakini pitisha kiganja hapa, usawa wa bega la mtu mrefu.
Pameng'aa, sivyo? Pana weusi.
Ndipo alipoegemea kila jioni
akivua kiatu kimoja, akisahau cha pili,
redio ikisoma habari.
Hakuna aliyekusudia kuiandika hiyo.
Jasho lake tu, na miaka.

Basi ukausimamisha mwimo ukutani, mtoto wewe,
ukanikabidhi uso wa kihakimu: Bibi, simama wima. Visigino chini.
Kisu kikagusa ubao juu ya kichwa changu,
nikageuka kutazama,
nikajikuta chini ya Kabula wa darasa la saba.
Nimecheka, nimekaa chini, nimecheka tena.
Doto angenifundisha kusimama kwa vidole.

Magesa ameufunga kwa kanga yangu ya zamani, anauliza unakwenda wapi.
Buswelu, kwa mama yake huyu.
Sijui kama utaenea; nyumba za siku hizi dari zake ziko utosini.
Ukizidi, kateni juu,
ambako bado hajafika mtu.
Chini msiguse.